Mwongozo kamili: Kuendesha programu na huduma kwa jamii katika tawi la fraterniti au sororiti

Katika vyuo vingi vya Marekani matawi ya fraterniti na sororiti, yaani vyama vya udugu vya wanafunzi, huchagua viongozi wake mwezi wa Novemba, na mratibu mpya wa huduma huanza kazi Januari. Hukabidhiwa orodha ya majina na kiwango cha saa ambazo kila mwanachama anatakiwa kujitolea, basi. Namna ya kuzifikia saa hizo hujitafutia mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, hasa akiwa ni mwanafunzi aliyetoka Nairobi, Mwanza, Bujumbura au Goma akajiunga na chama cha namna hii akiwa masomoni. Wanafunzi hao wana mambo mawili ya kisheria wanayopaswa kuyajua mapema, nasi tumeyaeleza mahali pake.

Kwanza, jua mko katika ukoo gani wa vyama hivi. Fraterniti ni chama cha udugu cha wanaume, sororiti cha wanawake. Vyama vingi vina makao makuu ya taifa na matawi vyuoni, lakini koo za vyama hivyo hazifanyi huduma kwa namna moja. Sororiti 26 zilizo chini ya baraza la NPC, lililoundwa 1902, kwa kawaida hupewa na makao makuu jambo moja la kulichangia: Tri Delta huchangia hospitali ya watoto ya St. Jude, na Delta Gamma imeshughulikia wasioona tangu 1936. Vyama tisa vya Wamarekani Weusi vilivyo chini ya baraza la NPHC, lililoanzishwa 1930 katika Chuo Kikuu cha Howard, huweka mbele programu na kazi ya mikono. Huko uanachama hauishi siku ya mahafali, kwani wahitimu wana matawi yao yanayoendelea kufanya kazi mjini. Kisha kuna Alpha Phi Omega, iliyoanzishwa 1925 katika chuo cha Lafayette, ambayo huduma ndiyo shughuli yake kuu na imepokea wanawake tangu 1976. Soma kijitabu cha makao makuu yenu kabla ya kupanga lolote, maana kuna shughuli zilizokwisha kukatazwa humo.

Tenganisha vitu vitatu

Vurugu nyingi huanzia hapa. *Harambee* ni kukusanya pesa kwa ajili ya shirika fulani. *Huduma* ni kazi ya mikono na muda: kupanga vyakula kwenye ghala la msaada, kumfundisha mtoto kusoma, kuokota taka mtoni. *Programu* ni kikao cha kuelimisha, kama semina ya mikopo, mazungumzo ya afya ya akili au kuandikisha wapiga kura. Tawi lisilovitenganisha huhesabu saa tatu za kuuza tiketi kuwa huduma, na mwisho wa mwaka linaandika saa 600 ilhali hakuna mtu hata mmoja mjini aliyesaidiwa kwa mkono. Weka daftari tatu, bajeti tatu, na ikiwezekana watu watatu. Mtu mmoja akishika vyote, harambee itameza vingine, kwa sababu ndiyo yenye tarehe, fulana na kelele.

Piga hesabu ya saa kabla ya kuahidi

Chukua tawi la watu 60 lililoweka saa 10 kwa kila mmoja kwa muhula. Hizo ni saa 600. Zamu ya Jumamosi ya watu 12 kwa saa 3 inatoa saa 36, kwa hiyo unahitaji zamu 17. Muhula una wiki zipatazo 15. Toa wiki ya kwanza, wiki za kusajili wanachama wapya, wiki ya mitihani ya kati, ya sikukuu ya Thanksgiving na ya mitihani ya mwisho, utabaki na wiki 10 au pungufu. Zamu moja kwa wiki haitoshi, na hapo ndipo watu huanza kughushi saa. Panga zamu mbili kila wiki, moja Jumamosi asubuhi na nyingine siku ya kazi jioni kwa walioajiriwa mwisho wa wiki. Zamu 20 zinatoa saa 720, na akiba hiyo ya 120 ndiyo itakayokuokoa mvua ikinyesha au mshirika akiahirisha.

Tunashauri msitoze faini kwa asiyetimiza saa. Mwenye uwezo atalipa na kulala, asiye nacho atafanya kazi kwa hofu, na mwishowe huduma itaonekana ni adhabu. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kamati ya nidhamu impe mkosaji saa za kujitolea kama hukumu. Mpigie simu aliyebaki nyuma wiki ya sita, umuulize ni siku gani anaweza, umwandike mwenyewe.

Tafuta mshirika, kisha mwachie aseme anachohitaji

Hatua hii ndiyo ya kupewa muda mwingi kuliko zote. Anza wiki 6 hadi 8 kabla ya zamu ya kwanza. Andika majina ya mashirika matano yaliyo umbali wa dakika 20 kutoka chuoni, maana mbali zaidi ya hapo wanachama wasio na magari hawatafika. Piga simu, usitume barua pepe peke yake, na umtafute mtu anayeratibu wanaojitolea. Muulize haya: Ni kazi gani haifanyiki kwa kukosa watu? Siku gani na saa ngapi? Mnaweza kusimamia watu wangapi kwa wakati mmoja? Kuna umri, mafunzo au uhakiki wa rekodi za jinai unaotakiwa? Je, kuna vikundi vilivyowahi kuja vikawaletea taabu, na taabu gani?

Swali la mwisho litakufundisha mengi. Malalamiko ya mashirika hufanana: wanafunzi 40 walikuja mahali penye kazi ya watu 10, wakapiga picha, wakaondoka baada ya saa moja, hawakuonekana tena. Kuwasimamia watu kunamgharimu mwenyeji muda wa wafanyakazi wake. Watu 8 wanaorudi kila Jumanne kwa wiki kumi wana faida kwake kuliko 60 wanaokuja mara moja, kwa sababu wiki ya pili hawafundishwi tena.

Historia ya vyama hivi ina mfano ambao kila mratibu anafaa aujue. Kuanzia 1935 hadi 1942 sororiti ya Alpha Kappa Alpha iliendesha mradi wa afya Mississippi wakati wa kiangazi, chini ya uongozi wa kitabibu wa Daktari Dorothy Boulding Ferebee. Mpango ulikuwa wagonjwa wafike kliniki. Wenye mashamba wakakataa kuwaruhusu vibarua kuondoka. Wale wanawake wakapakia dawa na vifaa katika magari yao, wakawafuata watu mashambani. Shabaha haikubadilika, njia ndiyo iliyobadilishwa. Na kwa msomaji wa Kenya, Thika ipo katika historia hiyo pia: Delta Sigma Theta ilichangia wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni ambayo leo inaitwa Mary Help of the Sick.

Mkikubaliana, andika makubaliano ya ukurasa mmoja: siku, saa, idadi ya watu, kazi yenyewe, nani anasimamia, nani anatoa glovu na vifaa, na taarifa ya saa 48 kwa anayetaka kuahirisha. Mtu mmoja kila upande atie sahihi.

Penye watoto, ongeza muda. Vyuo vingi hutaka shughuli yenye walio chini ya miaka 18 isajiliwe, wanaojitolea wapate mafunzo na rekodi zao zihakikiwe, na hayo huweza kuchukua wiki kadhaa. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba mtu mzima mmoja haachwi peke yake na mtoto mmoja, hata ndani ya gari, hata kwa dakika tano.

Hapa pana jambo la kwanza la kisheria, kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1. Kujitolea bila malipo katika shirika la hisani kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kushika bila malipo nafasi ambayo kwa kawaida hulipwa, au kupokea kitu badala ya mshahara, iwe posho, malazi au vyakula vya wiki. Mhudumu wa mapokezi wa kila siku katika ofisi yao ni ajira, ingawa wameiita kujitolea. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya zamu, si baada yake.

Siku ya zamu

Nafasi zikiwa 12, andikisha 14, maana wawili hawatafika. Tuma ujumbe jioni ya kuamkia siku hiyo wenye anwani, mavazi (viatu vilivyofunika vidole kwa kazi ya ghala), jina la msimamizi na nani amepanda gari la nani. Kila dereva awe na leseni halali na bima yake, kwa kuwa ajali ikitokea, bima ya gari lenyewe ndiyo huangaliwa kwanza. Fika dakika 15 mapema.

Daftari la mahudhurio linahitaji tarehe, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi ya mwenyeji. Sahihi ya mwanachama mwenzao haitoshi. Amueni kwa maandishi mwanzoni mwa muhula kama muda wa safari unahesabiwa. Sisi tunashauri usihesabiwe. Picha zipigwe za kazi, si za nyuso za wanaosaidiwa. Mama aliyekuja kuchukua unga hajakubali kuwa tangazo la tawi lenu.

Harambee: mfano wa asubuhi ya pankeki

Matawi mengi huuza pankeki, na mengi hukwama kwenye umeme. Tuseme mnategemea watu 200, kila mmoja pankeki 3. Hizo ni 600. Kila pankeki hutumia mililita 60 za rojo, kwa hiyo mnahitaji lita 36. Kikaango bapa cha umeme kinachobeba pankeki 8 kwa dakika 4 kingetoa 120 kwa saa kwenye karatasi, lakini hesabu 90, kwa sababu kuna kupaka mafuta na kupakua. Vikaango vitatu kwa saa tatu vinatoa 810. Vinatosha, mradi muanze kukaanga nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa, maana nusu ya watu hufika pamoja.

Sasa umeme. Kikaango cha wati 1,500 kwenye volti 120 huvuta ampea 12.5. Saketi nyingi za majengo ya Marekani ni za ampea 15 au 20. Ukichomeka viwili kwenye saketi moja, swichi ya usalama itajikata, na soketi mbili zilizo ukuta mmoja mara nyingi ni za saketi moja. Omba fundi wa jengo akuonyeshe saketi tatu tofauti, uzijaribu siku moja kabla vikaango vyote vikiwa vya moto. Birika la kahawa linahitaji saketi ya nne.

Rojo lenye maziwa au mayai likae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi hadi linapokaangwa, na soseji zibaki juu ya nyuzi 57. Nunua kipimajoto, mkaguzi wa afya atakiulizia. Kuuza chakula kwa umma kwa kawaida kunahitaji kibali cha muda cha idara ya afya ya kaunti; kiombe wiki tatu kabla. Unga wa kuongeza maji tu unapunguza hatari na ndoo za kuosha.

Bei: dola 6 kwa wanaonunua mapema, dola 8 mlangoni. Wakinunua mapema watu 150 na 50 mlangoni, ni dola 1,300. Weka kikomo cha gharama kuwa asilimia 30, yaani dola 390, ili zisipungue dola 910 za kupeleka kwa mshirika. Fulana ndizo huvunja kikomo hiki. Agiza zile tu zilizokwisha kulipiwa, funga oda wiki tatu kabla, na usiagize za ziada kwa kutumaini.

Pombe haina nafasi kwenye harambee, na vitu kama kasri la kuruka la kujazwa hewa mara nyingi haviko ndani ya bima ya makao makuu. Tuma fomu ya shughuli kwa mlezi wa tawi na ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi angalau wiki tatu kabla.

Ukitaka harambee ikue, usibadilishe mnayemchangia kila mwaka. Dansi ya hisani ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Penn State, THON, ilianza 1973 ikiwa ya saa 30, ikapata dola zipatazo 2,000. Tangu 1977 imechangia mfuko mmoja, Four Diamonds, unaosaidia familia za watoto wenye saratani. Leo inachukua saa 46 na hukusanya mamilioni ya dola kila mwaka. Familia zilizosaidiwa hurudi mwaka baada ya mwaka, na mtoaji anajua pesa zake zinakwenda wapi.

Pesa na kodi

Tawi kwa kawaida ni klabu ya kijamii chini ya kifungu 501(c)(7) cha sheria ya kodi ya Marekani. Anayelipa pesa kwa tawi hapunguziwi kodi. Shirika la hisani ni 501(c)(3), na anayelichangia moja kwa moja anaweza kupunguziwa. Kwa hiyo usiandike kamwe kwenye tangazo kuwa tiketi yenu inapunguza kodi. Anayetaka faida hiyo mwelekeze kwenye ukurasa wa kuchangia wa mshirika mwenyewe, ambaye pia ndiye hutoa barua ya shukrani inayohitajika kwa mchango wa dola 250 au zaidi.

Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili papo hapo, watie sahihi, mfuko ufungwe, zipelekwe benki siku ya kazi inayofuata. Malipo ya simu yaingie kwenye akaunti ya tawi. Yakipita kwenye akaunti ya mtu binafsi yatachanganyika na kodi yake ya nyumba, na hata kama hajachukua senti, hataweza kuthibitisha. Hundi imfikie mshirika ndani ya siku 30, pamoja na hesabu ya mapato na matumizi.

Bahati nasibu, hata ya kikapu cha zawadi, huangukia sheria za kamari za jimbo, na majimbo mengine hudai leseni. Mnada wa kimya, ambapo watu huandika bei kwenye karatasi, unafanya kazi hiyo hiyo bila tatizo hilo.

Programu: mfano wa kuandikisha wapiga kura

Delta Sigma Theta hupanga programu zake chini ya nguzo tano: uchumi, elimu, mambo ya kimataifa, afya ya mwili na akili, na siasa. Hata kama si chama chenu, mgawanyo huo ni mzuri wa kukagua kalenda: mkiwa na semina nne za afya na hakuna ya uchumi, mtaona. Programu moja nzuri kwa mwezi inatosha. Dakika 60, mzungumzaji mmoja, dakika 20 za maswali, ukumbi umehifadhiwa wiki nne kabla.

Kuandikisha wapiga kura ni kazi ya siku nyingi kwa vyama vya NPHC. Alpha Phi Alpha ilianza kampeni yake miaka ya 1930. Kila jimbo lina tarehe yake ya mwisho, mengine hadi siku 30 kabla ya uchaguzi, na North Dakota haiandikishi kabisa. Pata kanuni za jimbo lenu kwa maandishi: nani anaweza kupokea fomu, kama mafunzo yanatakiwa, na fomu zirudishwe ndani ya siku ngapi. Fomu iliyosahaulika kwenye mkoba ni kura ya mtu iliyopotea. Mwanafunzi huchagua anwani moja, ya nyumbani au ya chuoni. Mezani msitaje mgombea wala chama.

Hili ndilo jambo la pili kwa asiye raia: usijaze fomu hiyo kwa jina lako, hata kwa kuonyesha mfano, hata ukihimizwa na mwenzako asiyejua. Kuijaza ni kudai uraia, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia njia ya viza na ukaazi maisha yako yote. Karibisha watu, gawa vipeperushi, ratibu zamu za meza. Fomu washike raia.

Wanachama wapya

Kila zamu iwe na mchanganyiko wa wapya na wa zamani. Zamu ya wapya peke yao, wakisafisha nyumba ya tawi au kuwabebea wakubwa mizigo huku ikiandikwa huduma, ni unyanyasaji, ile Wamarekani huiita heizingi. Sheria ya taifa iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na makosa hayo. Kipimo ni chepesi: kama kazi hiyo mwenyekiti haifanyi, mwanachama mpya naye asiifanye.

Daftari la makabidhiano

Lianze Januari, usingoje Novemba. Kwa kila mshirika andika jina la shirika, cheo cha mtu wa kuongea naye, namba ya ofisi, maegesho yalipo, idadi ya watu wanaofaa na kosa lililotokea. Kwa kila harambee weka bajeti iliyopangwa kando ya iliyotumika, namba za saketi, kiasi cha unga kilichobaki. Mwezi wa Desemba mpeleke mrithi wako kwa washirika ana kwa ana, mmoja baada ya mwingine, na zamu ya kwanza ya Januari msimamie pamoja.